Wagonjwa Wamekaa Nje

Shangazi yangu alikuwa fundi wa lifti, na hakujua kupika. Watu waliyataja mambo haya mawili kwa pumzi moja, kana kwamba la kwanza ni kosa na la pili ndilo ushahidi wake. Nimeishi kwake tangu nikiwa sekondari, kwa hiyo nimeyasikia sana maneno hayo, ngazini, dukani, misibani, na sijayazoea.

Kazi yake aliipenda. Alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, ovaroli ya buluu, mkoba wa vifaa begani. Siku nyingine alishinda juu ya paa la jengo refu katika kile chumba cha mitambo chenye joto na kelele, siku nyingine alishuka ndani ya shimo la lifti, tochi kaibana kwa meno, akikagua nyaya za chuma nene kama mkono wa mtoto. Akirudi jioni alinukia grisi, na kucha zake hazikuwahi kutakata hata aoshe kwa sabuni gani.

Mumewe alikuwa karani katika ofisi ya maji, na jina la Karani lilimganda hata baada ya ofisi kupunguza wafanyakazi na kumrudisha nyumbani. Alikuwa mpole, mcheshi, mpenda redio. Walipokuwa wachumba Shangazi alimwambia waziwazi, "Kupika sijui, na muda wa kujifunza sina." Karani akajibu kwamba wenzake wakioa husema wamepata jiko, yeye anataka mke, jiko litajijua lenyewe. Watu wakacheka, ndoa ikafungwa.

Na jiko kweli likajijua. Lilikaa pale kwenye kona kati ya sinki na dirisha, likichemsha maji ya chai tu. Chakula kilitoka chini ya jengo letu, kwa muuza chipsi. Viazi vya kukaanga mchana, kuku wa kukaanga jioni, mayai, sosiji, soda baridi. Mafuta yale yalikuwa meusi kama ya gari. Karani, aliyekuwa akishinda nyumbani na redio yake, alishuka ngazi mara kwa mara, akapanda na kifurushi kilicholowa mafuta mpaka karatasi inaonyesha ndani. Chai yake aliitia sukari mpaka kijiko kinataka kusimama. Hakuna aliyemlazimisha. Nataka hilo likumbukwe, maana baadaye watu wote walijitia kulisahau.

Siku moja alikuwa akipanda na kifurushi chake akakaa ghafla kwenye ngazi, jasho linamtiririka, akasema haoni vizuri. Majirani wakambeba mpaka zahanati. Shangazi alipigiwa simu akiwa kazini, akaja mbio na ovaroli yake vilevile.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani, mwenye haraka. Alimpima Karani, akasoma majibu, akasema sukari iko juu na presha iko juu. Kisha akamgeuzia mgonjwa mgongo na kumtazama Shangazi.

"Mama, huyu mzee unamlisha nini?"

"Simlishi. Anakula mwenyewe."

"Namaanisha, unampikia nini?"

"Simpikii."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Basi," akasema, "tatizo tumelipata."

Tatizo! Na alikuwa akimtazama yeye. Akamweleza kupunguza mafuta, kupunguza chumvi, kuacha soda, kuongeza mboga za majani, akasema Jumamosi kuna darasa la lishe palepale zahanati, aje ajifunze. Yote aliambiwa Shangazi. Mgonjwa alizungumziwa kama mbuzi wa mtu. Na Karani mwenyewe? Karani alikuwa amelala kitandani amekodolea dari macho, kama mtu anayesoma habari zake huko juu.

Habari ikafika kwa Dada Mkubwa. Huyu ni dada yake Karani, mkubwa kuliko wote kwao, na ukoo mzima humwita hivyo. Alikuja jioni moja na sufuria zake mwenyewe, akakaa kwenye sebule yetu kama hakimu. Shangazi alipoingia, mikono bado myeusi, hata maji hakupewa nafasi ya kunywa.

"Wifi, umetuulia ndugu yetu."

"Ndugu yako huyo hapo, dada. Anakohoa."

"Usinifanyie mzaha! Umemlisha vya barabarani kama mpita njia. Mwanamke mzima hawezi hata kuchemsha maharage!"

Shangazi aliuweka mkoba wake chini polepole. Nilimjua. Akipunguza mwendo hivyo, ujue ndani kunawaka.

"Dada, anayeshinda nyumbani ni nani?"

"Maana yake nini?"

"Maana yake mimi natoka kabla hakujapambazuka, narudi giza linaingia. Ndugu yako anashinda hapa, na jiko linashinda hapa. Ni miaka, na hawajawahi kusalimiana."

Kicheko kilinitoka nisitake. Dada Mkubwa akanikata jicho mpaka nikainama.

"Unataka mdogo wangu ajifunge aproni aingie jikoni?"

"Avae suti akipenda. Ila apike."

Dada Mkubwa akaangua kilio, akamtaja marehemu mama yao, akauliza nani amemroga ndugu yake. Nilimtazama Karani, nikingoja aseme neno. Neno moja tu. Akasema, "Jamani, msigombane," halafu akaongeza sauti ya redio kidogo. Wallahi, siku ile nilimchukia.

Shangazi hakubishana tena. Alisema tu, "Jumamosi nakwenda darasani. Na yeye anakwenda."

Jumamosi tukaenda watatu. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha zahanati, meza ndefu katikati, majiko mawili ya gesi, sufuria, rundo la mboga. Mlangoni karatasi imebandikwa: DARASA LA LISHE KWA AKINA MAMA. Nje, chini ya dirisha, kulikuwa na benchi refu.

Nesi aliyefundisha alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamuru. Alitupokea vizuri, mimi na Shangazi. Kisha akamzuia Karani kwa mkono.

"Mzee, wewe kaa hapo kwenye benchi. Mama akimaliza mtaondoka pamoja."

Karani aligeuka upesi kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Tukaingia, tukakaa. Wanawake walijaa, wengine wameacha biashara zao, mmoja mshona nguo bado ana tepu ya kupimia shingoni. Nesi akaanza. Mgonjwa wa sukari ale hivi, asile vile, nyama ya mgonjwa iondolewe mafuta, sahani ya mgonjwa nusu yake iwe mboga. Wanawake wanaitikia, "Ndiyo." Shangazi alisikiliza kwa makini, kisha akageuza shingo akatazama dirishani, akabaki hapo.

Nikatazama na mimi. Kwenye benchi walikuwa wameketi wanaume, wamejipanga. Mmoja mguu umefungwa bendeji. Mwingine ameegemea fimbo. Karani yuko katikati, anawasimulia kitu, wanacheka. Na pembeni kabisa, bwana mmoja mwenye kitambi cha heshima alikuwa anakula keki aliyoinunua getini, anajilamba vidole.

Shangazi akanyoosha mkono.

"Nesi, samahani. Humu ndani nani anaumwa sukari?"

"Si waume zenu, mama?"

"Nimeuliza humu ndani."

Wanawake wakatazamana.

"Hakuna," akasema Shangazi. "Sasa unamfundisha nani?"

Nesi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea maswali ya watoto. "Mama yangu, ndio utaratibu. Mwanamume hata umwite hasikii. Anayeshika mwiko nyumbani ni mama."

"Mwiko hauchagui mkono." Sasa alikuwa amesimama, na sauti ilikuwa ile ya kuwaitia wenzake walio chini ya shimo yeye akiwa juu. "Wagonjwa wamekaa nje wanapiga soga, mmoja anakula keki, na wazima tumefungiwa humu tunafundishwa dawa yao! Wakipona, sifa yao. Wakifa, tumewaua sisi! Mimi nikisafiri, nikilazwa, nikifa, yule atakula nini? Atakwenda kuoa mwingine ili apate chajio?"

"Mama, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Najua kuna wagonjwa! Wako nje!"

Mshona nguo akainuka, akachungulia dirishani. "Yule wa keki," akasema kwa aibu na ghadhabu, "ndiye wangu." Akatoka. Tukasikia, "Hebu lete hapa hiyo! Ingia ndani!" Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko, na wanawake wengine wakatoka mmoja baada ya mwingine kuwaleta waume zao. Wanaume wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana miadi mahali, wakatoweka. Waliobaki wakaingizwa, wamenuna kama watoto waliokamatwa na maembe ya jirani.

Nesi akamwita mkuu wa zahanati. Mkuu akaja, akasimama mlangoni, akawahesabu kwa macho, akasema, "Viti havitoshi."

"Watasimama," Shangazi akamjibu. "Wamekaa sana."

Mkuu akajikuna shingo, akaenda zake. Nadhani aliona kubishana kutamchelewesha.

Hapo ndipo mshona nguo akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Nesi, na sisi tunaoitwa wazima, nani alitupima?"

Nesi alitaka tu amani irudi. Akaleta kipimo cha presha, akasema haya, tuanze na huyu mama mkali. Wakacheka. Akaufunga mkono wa Shangazi, akapampu, akasikiliza. Akapampu tena. Akahamia mkono wa pili. Tabasamu likamtoka.

"Mama, kichwa huwa kinakuuma?"

"Kila siku. Nilidhani ni kelele za mitambo."

"Presha yako iko juu sana. Iko juu kuliko ya mzee wako nilivyoona kwenye kadi yake."

Shangazi aliketi, mkono bado umefungwa, akautazama kana kwamba si wake. Alikula kutoka vifurushi vilevile, tofauti ni kwamba yeye alikula wima, akibadili viatu, kisha akapanda majengo. Yule daktari kijana alikuwa amesimama mbele yake, kipimo mkononi, akimuuliza anamlisha nini mtu mwingine, na haikumjia kumfunga na yeye. Wala Dada Mkubwa hakuuliza. Wala mimi, niliyelala chumba cha pili na kumsikia akitafuta vidonge vya kichwa. Watu wote tulimtazama kama mashine inayotakiwa kulisha watu, na mashine haipimwi mpaka isimame.

Karani alikuwa ameegemea ukuta. Uso wake ulibadilika, sijui niueleze vipi. Kama mtu aliyeitwa jina lake kamili na baba yake. Akaenda mezani, akachukua kisu, akachukua kitunguu.

"Nesi," akasema kwa sauti ndogo, "hiki kinakatwaje?"

Nisiwadanganye kwamba kutoka hapo mambo yalinyooka. Maharage yake ya kwanza aliyabandika akashuka chini kucheza drafti. Moshi ulijaa ghorofa nzima, majirani wakagonga mlango na ndoo za maji, sufuria tukaitupa. Kuku wake wa kuchemsha hakuwa na ladha yoyote, Shangazi alitafuna, akatafuna, akasema, "Mzee, umetupikia soksi." Shangazi mwenyewe Jumapili alijifunza pia, na karoti zake zilikatwa sawasawa kama boliti, lakini kila kitu alikiivisha mpaka kikapoteza rangi. Waligombana kuhusu chumvi kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Na chai isiyo na sukari! Karani aliinywa akiwa amefumba macho.

Lakini hakuacha. Kila Jumamosi alirudi darasani, akauliza maswali mpaka Nesi akawa anamwita mwanafunzi wake. Akagundua nyanya zikipikwa taratibu na kitunguu saumu na tangawizi, mafuta kijiko kimoja tu yanatosha. Akagundua ndimu inafanya ulimi usahau chumvi. Akajifunza kumpika samaki kwa mvuke, boga kwa maji kidogo, mboga za majani kwa dakika chache tu zibaki kijani. Asubuhi akamfungia Shangazi chakula cha kazini, na jioni akawa anauliza, "Vidonge umekunywa?" hata kabla ya salamu.

Sokoni ndiko alikopata elimu nyingine. Wauza mboga walimuuliza kila mara, "Mzee, mama amesafiri?"

"Yuko kazini."

"Oo, pole."

Alirudi na kapu lake amefura. "Wananipa pole kama nimefiwa! Mmoja ameniambia nivumilie! Nivumilie nini? Kununua mchicha?"

"Umeonja kidogo tu," Shangazi akamwambia. "Mimi nimekula bakuli zima."

Kisha Dada Mkubwa akaja tena, Jumapili mchana, bila taarifa. Shangazi alikuwa ameitwa hospitali kubwa, lifti imekwama na watu ndani. Karani alikuwa jikoni na mlango umefungwa. Mimi nikamkaribisha mgeni, nikapakua. Samaki, boga, mboga za majani, wali kidogo. Dada Mkubwa alionja kwa wasiwasi, akaonja tena, kisha akaacha maneno akala. Shangazi alipoingia na buti zake, wifi yake alikuwa anachokonoa mifupa.

"Wifi! Leo umenikosha. Nilisema mimi, ukibanwa utajifunza. Kumbe mkono unao!"

Shangazi alikuwa anafungua kamba za buti. "Si mimi, dada. Mimi ndiyo kwanza naingia."

Kijiko kikasimama hewani. "Sasa nani?"

Karani akatokea mlangoni, taulo begani. "Mimi."

Dada Mkubwa akaisukuma sahani. "Kumbe ndivyo ilivyo! Wamekugeuza mtumishi! Mtoto wa mama yangu anapika, mke anatembea na mabuti!"

Nilimtazama Karani nikingoja aseme tena tusigombane. Hakusema hivyo.

"Dada, ulipokuja hapa kumtukana mke wangu nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho ulichokalia, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Vile viazi nilivishukia ngazi kwa miguu yangu. Nikavinunua, nikavitia mdomoni mwangu mwenyewe. Hakuna aliyenishikia fimbo. Mke wangu alikuwa kazini akinitafutia hiyo soda niliyokuwa nakunywa! Na wewe ukaja kumwambia ameniua. Umewahi kumuuliza yeye anaendeleaje?"

"Kwani ana nini?"

"Presha. Iko juu kuliko yangu. Hujui kwa sababu hukuuliza. Na mimi ninayelala naye kitanda kimoja sikuuliza." Akalivuta taulo begani. "Kwa hiyo ukitaka kumlilia mtu humu ndani, chagua vizuri."

Dada Mkubwa alimtazama wifi yake, buti moja mguuni, nyingine mkononi, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anamwona. Hakuomba radhi, mpaka leo hajaomba. Ila aliivuta sahani akamalizia samaki, na alipoondoka alimwambia Shangazi, bila kumtazama machoni, "Hizo dawa usiziache."

Sukari ya Karani imeshuka, ingawa vidonge hajaviacha, na jicho lake la kulia halikurudi kama zamani. Aliambiwa uharibifu ulishafanyika. Shangazi anameza dawa zake kila asubuhi na kichwa hakimuumi tena. Muuza chipsi hutusalimia kwa huzuni.

Ningependa kusema hasira zangu ziliishia hapo. Lakini juzi tulikuwa kwenye harusi ya binti wa jirani, na Karani akazungukwa. Habari zake zimeenea. "Huyu ndiye mume! Anapika! Anamfungia mke chakula!" Wakamshika mkono, wakampiga picha. Karani kichwa kikaanza kuvimba, akawaeleza habari za ndimu. Mimi nikamtazama Shangazi. Mwanamke huyu amening'inia kwenye majengo ya watu miaka yote, kalipa kodi ya nyumba na karo yangu, na hakuna hata siku moja mtu alimwambia Karani ana bahati. Asipopika, ni muuaji. Mumewe akichemsha boga, ni malaika.

Mama mmoja aliyevaa vizuri akamwinamia Shangazi, akamgusa bega. "Dada, una bahati wewe! Mwanaume kama huyu umempata wapi?"

"Hii si bahati, mama," Shangazi akamjibu. "Nilipiga kelele."

Yule mama akacheka sana, akidhani ni utani. Shangazi hakucheka.